Sauti ya Kale katika Gitaa la Umeme

Watu wengi husema kwamba muziki wa dansi wa zamani una sauti yake, lakini ukiwauliza sauti hiyo imo katika kitu gani, majibu yao hutofautiana. Mmoja atataja vidole vya mpigaji, wa pili atataja mbao za gitaa, na wa tatu atasema kwamba siri imo katika kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam. Wote wana sehemu ya ukweli. Katika makala haya nakusudia kuzungumzia sehemu moja ndogo ambayo haitajwi mara nyingi, nayo ni kile kifaa kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme, ambacho kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme. Wapiga gitaa hukiita pikapu, jina lile lile la gari dogo la mizigo. Mimi hapa nitakiita kinasa. Nataka kuuliza kama bendi ya leo inayotaka kupiga nyimbo za kale kwa sauti inayostahili ibaki na vinasa vya zamani, au itumie vile vya aina mpya vinavyohitaji betri.

Nimefundisha fizikia katika shule ya sekondari kwa miaka mingi, na jioni nimekuwa nikipiga gitaa la ridhimu katika bendi ya walimu. Kwa hiyo swali hili limenifikia kwa milango miwili, wa darasani na wa ukumbini. Nalo si swali la mafundi peke yao. Katika bendi kama NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, au DDC Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, magitaa hayafanyi kazi moja. La solo husema, la ridhimu hujibu, na la besi hushikilia mazungumzo yasipotee. Mazungumzo hayo hueleweka pale tu ambapo kila gitaa lina nafasi yake masikioni mwa msikilizaji. Sauti ya gitaa moja ikiwa nzito mno humfunika mwenzake, na wimbo mzima hugeuka kuwa makelele yenye mdundo. Ndiyo sababu sauti nyembamba, yenye kung'aa na kukatika vizuri, ina thamani kubwa katika muziki wetu.

Sauti ya namna hiyo aghalabu hutoka katika kinasa cha koili moja. Kifaa hiki ni sahili. Sumaku huzungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mara 7,000 au 8,000 hivi. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, huitikisa nguvu ya sumaku iliyopita ndani ya koili, na umeme mdogo huzaliwa. Mwanafunzi aliyesoma kazi za Faraday ataitambua kanuni hiyo mara moja. Katika Marekani, George Beauchamp alitengeneza kinasa cha namna hii kwa ajili ya gitaa mnamo mwaka 1931. Baadaye Leo Fender wa California alitoa magitaa mawili yaliyoenea duniani kote: Telecaster, iliyopata jina hilo mwaka 1951, na Stratocaster ya mwaka 1954. Watu wanaposema "sauti ya kale ya koili moja", mara nyingi huwa wanafikiria sauti ya magitaa hayo mawili na ya yale yaliyoyaiga.

Lakini koili hiyo haichagui. Kama inavyonasa mtikisiko wa uzi, ndivyo inavyonasa sumaku nyingine yoyote iliyo karibu, ikiwa ni pamoja na ile inayotoka katika nyaya za umeme, taa za mirija na mitambo ya spika. Umeme wa Tanzania hugeuka mara 50 kwa sekunde, na ule wa Marekani mara 60. Kwa hiyo gitaa lile lile huvuma kwa sauti ya chini zaidi Dar es Salaam kuliko Los Angeles, lakini huvuma kote kuwili. Katika chumba kidogo mvumo huo huvumilika. Katika ukumbi wenye magitaa matatu, amplifaya zilizofunguliwa sana na umeme usiotulia, mvumo hujaza kila pengo la wimbo. Na mapengo hayo si kitu cha kupuuzwa. Mpigaji wa solo anapoacha kimya kifupi kabla ya kujibiwa, kimya hicho ni sehemu ya wimbo kama zilivyo noti zenyewe.

Dawa ya kwanza iliyovumbuliwa ilikuwa kinasa cha koili mbili. Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, aliiombea hataza mwaka 1955. Koili moja huzungushwa kinyume cha mwenzake, na sumaku zake hugeuzwa vilevile, hata mvumo wa kwanza na wa pili ukafutana huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Ulikuwa uvumbuzi wa akili sana, ila una gharama yake: kinasa hicho husikiliza uzi katika sehemu mbili kwa pamoja, na sauti zake za juu hupungua. Sauti huwa nene na ya mviringo. Yapo maeneo ya muziki yanayoihitaji, lakini anayetaka ule ukali mtamu wa koili moja hataupata kwa urahisi hapo.

Dawa ya pili ni vinasa vya betri. Kampuni ya EMG, iliyoanzishwa na Rob Turner huko California mwaka 1976, ndiyo iliyovifanya vijulikane sana. Katika kinasa cha aina hii koili huzungushwa waya kidogo kuliko kawaida, na umeme dhaifu unaotoka humo hukuzwa papo hapo, ndani ya ganda la kinasa, na kikuza sauti kidogo kinachokula betri ya volti 9. Ndani ya vinasa vingi vyenye umbo la koili moja hufichwa koili ya pili kwa ajili ya kufuta mvumo. Mwaka 2014 kampuni ya Fishman, pia ya Marekani, ilitoa vinasa vya Fluence ambavyo koili zake hazisokotwi kabisa, bali huchapwa katika tabaka za bamba jembamba.

Wapo wazee wa kazi wanaodai kwamba vinasa hivyo vina sauti iliyokufa. Wengine huwacheka na kuwaita wahafidhina. Mimi naona tuwasikilize kwanza, kwa maana fizikia iko upande wao kwa sehemu. Kinasa cha zamani hakifanyi kazi peke yake. Waya unaokiunganisha na amplifaya humeza sehemu ya sauti za juu kabisa, na kwa kushirikiana na koili huinua sauti zilizo chini yake kidogo, katika eneo la mitikisiko elfu tatu hadi elfu tano kwa sekunde. Mwinuko huo ndio ukali tunaousifu. Kinasa cha betri, kwa kuwa umeme wake umekwisha kupewa nguvu kabla ya kuondoka ndani ya gitaa, hakijali waya. Hivyo mchango wa waya hutoweka pamoja na mvumo.

Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili bila maabara. Chukua gitaa lenye koili moja za kawaida, ulipige kwa waya wa meta 3, kisha kwa waya wa meta 10. Sauti ya pili itakuwa butu zaidi. Rudia kwa gitaa lenye vinasa vya betri. Hutasikia tofauti ya maana. Wanafunzi wangu walipofanya hivyo, mmoja wao aliuliza: "Mwalimu, kwani waya nao ni ala ya muziki?" Nilimjibu kwamba katika gitaa la zamani, naam, waya nao ni ala.

Kwa hiyo anayechagua kinasa cha betri kwa ajili ya sauti ya kale yampasa aulize mambo kadhaa. La kwanza ni sumaku. Magitaa ya Fender ya miaka ya 1950 yalitumia aliniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma. EMG hutengeneza kinasa kiitwacho SA chenye sumaku ya aliniko, na huyo ni jamaa wa karibu zaidi wa sauti ya kale kuliko ndugu zake wenye sumaku za kauri. David Gilmour wa Uingereza alivitumia vinasa vya SA kwa miaka mingi katika Stratocaster yake nyekundu. La pili ni ule mwinuko wa sauti za juu: je, mtengenezaji ameuweka ndani ya kikuza sauti makusudi, kama ilivyofanywa katika Fluence, au ameacha sauti ilale bapa? La tatu ni vifaa vya gitaa lenyewe. Vitasa vya sauti vya kinasa cha kawaida cha koili moja huwa vya kiloomu 250, lakini vinasa vingi vya betri huhitaji vya kiloomu 25. Kuchanganya ovyo huharibu kazi. La nne ni betri. Aina nyingine huenda saa elfu kadhaa kwa betri moja, nyingine mamia machache tu, na karibu zote huendelea kula umeme muda wote waya ukiwa umechomekwa. Mpigaji auchomoe akimaliza, na awe na betri ya akiba mfukoni.

Liko jambo la tano, zito kuliko yote. Katika magitaa ya kawaida nyuzi huunganishwa na ardhi ya umeme kupitia amplifaya. Kama kipaza sauti cha mwimbaji hakikuunganishwa na ardhi sawasawa, mpigaji anayeshika nyuzi na kugusa kipaza sauti kwa midomo huwa daraja la umeme. Les Harvey, mpiga gitaa wa Scotland, alifariki kwa ajali ya namna hiyo jukwaani huko Swansea mwaka 1972. Baadhi ya vinasa vya betri havihitaji nyuzi kuunganishwa hivyo, na hatari hupungua. Hata hivyo hakuna kinasa kinachochukua nafasi ya fundi umeme mwaminifu.

Baada ya kupima yote hayo, msimamo wangu ni huu. Anayerekodi katika chumba tulivu, chenye umeme safi, abaki na koili ya zamani na waya wake, maana hapo mvumo hudhibitika na kila chembe ya ukali husikika. Anayepiga ridhimu ukumbini, usiku kucha, katikati ya taa na mitambo, hana sababu ya kuona haya kwa kuchagua kinasa cha betri chenye aliniko. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, nami nauamini usemi huo. Lakini asili ya muziki wetu wa dansi si mvumo wa taa za mirija. Asili yake ni yale majibizano ya magitaa. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, hakuwaachia vijana wetu orodha ya vifaa vya kununua, bali aliwaachia namna ya kulifanya gitaa liseme. Kijana akipata kifaa kinachomwezesha kuyasikia maneno hayo vizuri, na kuyajibu bila kumfunika mwenzake, kitakuwa kimefanya kazi yake, kiwe na betri au kisiwe nayo.