Kasma ya Chakula, Kasma ya Mafuta

Ofisi yetu ya uhasibu ilipakana na jiko la gereza ukuta kwa ukuta, ndiyo maana mpaka leo nikisikia harufu ya ukoko wa ugali nakumbuka karatasi za makisio. Usinicheke, mwanangu. Wenzangu wanaukumbuka ujana wao kwa muziki wa dansi. Mimi naukumbuka kwa moshi wa kuni mbichi uliopenya kwenye tundu za ukuta, ukachanganyika na harufu ya wino wa stensili. Gereza lenyewe lilikuwa katika mji mmoja wa reli ya kati. Jina nalihifadhi, maana baadhi ya niliofanya nao kazi bado wako hai na wana wajukuu wanaojua kusoma. Nilifika pale nikiwa askari kijana mwenye cheti cha utunzaji wa hesabu, sare imepigwa pasi ya mkaa ikanyooka, nikidhani nitapewa bunduki. Nikapewa kalamu, rula na daftari la kasma lenye jalada jekundu, zito kama jiwe la kusagia.

Nikueleze kidogo kasma ni nini, kwa sababu habari yote iko hapo. Fedha ya serikali haikai kama ile ya mama yako, iliyofungwa pindoni mwa khanga, akitaka sukari anatoa, akitaka nauli anatoa. Inakuja imekwisha kugawanywa: chakula cha wafungwa kasma yake, mafuta na vipuri vya magari kasma yake, sare na mablanketi yake, dawa yake. Ya huku huwezi kuichota ukaitia kule bila ridhaa ya wakubwa, na ridhaa ilisafiri kwa treni ya mizigo. Mwaka ulianza Julai mosi ukafa Juni 30, kama ilivyo hata sasa. Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha tulipokea waraka wa kutuambia tukisie mwaka ujao tutakula kiasi gani, tutasafiri mara ngapi, tutaugua vipi. Sasa mwalimu mkuu anajua madawati yake. Yakijaa, anamwambia mzazi nafasi zimekwisha. Gereza halina neno hilo. Hakimu akiandika, polisi akileta, lango linafunguliwa. Sisi kazi yetu ilikuwa kupika. Kukaribisha wageni ilikuwa kazi ya wengine.

Mkuu wangu wa uhasibu, ambaye sote tulimwita Afande na kwa siri tulimwita Babu Senti, alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi sikio moja. Alijua kugawanya kwa kichwa kuliko mashine yetu ya kujumlisha, ile ya mkono wa kuvuta, iliyotoa mlio kama mtu anayetafuna mifupa. Siku za makisio alinikalisha karibu yake akanifundisha desturi ambayo haikuandikwa kwenye kanuni yoyote. Kila mtu, alisema, anaomba maradufu ili akikatwa abaki na haki yake. Wanaokata nao wanajua hivyo, basi wanakata zaidi. Mkweli peke yake ndiye analala njaa. “Lakini sisi tutaomba haki yetu kamili, kijana,” akaongeza, “kwa sababu uongo wa tarakimu ni mgumu kuukumbuka.” Nilimheshimu kwa hilo. Wafungwa waliolala njaa kwa sababu ya ukweli wake sijui walimwonaje.

Ikaja 1983. Marehemu Sokoine alikuwa amerudi kwenye uwaziri mkuu mwezi Februari, na Machi ukaanza msako wa wahujumu uchumi. Wewe umeusoma kitabuni. Sisi tuliusikia langoni. Sabuni, ambayo hatukuwa tumeiona miezi mingi tukifulia majani ya mpapai, ilikutwa imetupwa vichakani kwa makatoni. Watu walimwaga mali usiku kwa kuogopa. Na waliokamatwa wakaanza kuletwa, wafanyabiashara wenye vitambi, suti za Kaunda, viatu vya ngozi, wengine bado wananukia marashi walipokuwa wakivua mikanda pale mapokezi. Makisio yetu yalikuwa yameandikwa kabla hayo yote hayajaota hata ndotoni. Nilikwenda kwenye ubao wa idadi, pale tulipoandika kwa chaki kila asubuhi wafungwa wangapi na mahabusu wangapi, nikaona namba ya mahabusu imepanda hadi chaki ikaishiwa nafasi, nikajua kasma ya chakula haitafika Juni.

Kilichotuokoa ni pilau. Mahabusu, kwa vile hajahukumiwa, aliruhusiwa kuletewa chakula kutoka kwake, na matajiri hawa waliletewa. Jumapili saa sita mchana ungepita nje ya lango ungedhani kuna harusi: hotpoti zimepangwa chini ya mwembe, iliki na karafuu zinapanda juu, askari wa zamu anameza mate huku anachomeka kijiko kwenye wali kuangalia kama kuna kilichofichwa. Babu Senti aliniagiza nihesabu kimyakimya ni wangapi wanaokula vya kwao. Nikahesabu, nikamletea karatasi. Akaitazama muda mrefu, kisha akasema bila kucheka kwamba hawa wahujumu ndio pekee mwaka huo walioichangia serikali chakula.

Walalahoi hawakuwa na hotpoti. Katika hao alikuwepo mzee mmoja aliyeshitakiwa kuiba mabati mawili. Mabati yalikuwa adimu siku hizo kama dhahabu, sitaki kulifanya kosa lake dogo. Alikuwa na uso wa watu wanaochoma mkaa, macho mekundu, mikunjo imejaa weusi usiotoka kwa kuoga, na alikuwa na adabu ya kuuliza “Mmeamkaje, wanangu?” hata siku ambayo uji ulikuwa maji. Kesi yake ilitajwa kila baada ya wiki mbili katika mahakama iliyokuwa mbali, huko wilayani, na kwenda huko kulihitaji karandinga. Karandinga letu lilikuwepo, limeegeshwa kivulini, kuku wanalala chini yake. Kilichokosekana ni dizeli. Kasma ya mafuta ilikuwa imekatwa ikabaki ya robo mwaka, basi Oktoba imekwisha. Siku ya kesi inafika, gari halina mafuta, hakimu anaahirisha, mzee anabaki. Anabaki na anakula.

Siku moja nilikaa na penseli nikaona jambo lililonifanya nisimame. Tuseme, kwa kurahisisha, mtu anakula nusu kilo ya unga kwa siku, tuache maharage, kuni na chumvi. Ukiwaweka mahabusu kadhaa miezi sita kwa sababu ya dizeli ya safari moja, unga wao unalipia safari hiyo mara nyingi na chenji inabaki. Tulikuwa tunabana mafuta huku tunafuja chakula, na kila daftari peke yake lilionekana safi kabisa. Nikamwonyesha Afande. Akavua miwani. “Umeliona leo?” akaniuliza. “Mimi nililiona kabla hujazaliwa. Mwambie nani sasa? Mafuta ni ukurasa wa saba, chakula ukurasa wa nne. Hakuna msomaji anayeshika kurasa mbili kwa mkono mmoja.” Hata hivyo aliniruhusu niliandike jambo hilo kama kiambatisho cha ombi letu la 1984/85. Nilikiandika usiku, kwa karabai, nikakipiga taipu kwa vidole viwili, nakala nne kwa kaboni, ya nne haisomeki.

Tulisafiri na majalada ya ombi hilo kwenda Dar es Salaam mwezi Aprili 1984 kuyatetea. Treni, mwanangu, daraja la tatu, jalada la siri ya serikali limewekwa chini ya kikapu cha kuku wa jirani yangu. Dar ilinukia samaki wa Feri na mihogo ya kukaanga, na foleni za maduka zilikuwa ndefu kuliko treni tuliyokuja nayo. Mshahara wangu ulizidi kidogo tu kima cha chini, kilichokuwa shilingi 600 kwa mwezi, kwa hiyo nilikula mihogo nikashukuru. Katika ofisi moja ya juu, ambayo sitaitaja, tuliketi mbele ya kijana mwenye shati la mikono mifupi na feni ya mezani iliyokuwa ikipeperusha karatasi zetu. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza swali moja: mwaka jana mlipewa ngapi? Afande akamwambia. Akaandika kiasi kilekile, akaongeza kidogo pembeni kwa penseli, akafunga. Kiambatisho changu kilikuwa nyuma kabisa, kimeshikwa na pini. Hakukifikia. Nikataka kufungua mdomo, Afande akanikanyaga mguu chini ya meza.

Tulikuwa bado hatujapata tiketi za kurudi tuliposikia redioni, jioni ya Aprili 12, sauti ya Mwalimu Nyerere ikitangaza kwamba Sokoine amefariki kwa ajali ya gari kule Dakawa, Morogoro. Nyumba ya wageni ya Kariakoo nzima ilinyamaza. Aliyekuwa akipiga pasi aliiacha pasi juu ya shati mpaka likaungua. Harufu ile nayo sijaisahau.

Sasa sikiliza Juni. Bunge siku hizo lilikuwa Karimjee, na hotuba ya bajeti tuliifuata kwa Radio Tanzania, sote tumekizunguka kiredio cha Afande kilichofungwa betri kwa mpira wa baiskeli. Waziri wa Fedha alikuwa Msuya. Alisoma kwa utulivu kama kawaida yake. Shilingi inashushwa thamani, dola inatoka kwenye shilingi 12 na ushee kwenda 17. Tukatazamana, lakini dola ilikuwa mambo ya watu wengine. Kisha likaja la unga. Serikali ilikuwa imechoka kubeba ruzuku ya sembe, inaiondoa. Sembe iliyokuwa shilingi 2.50 kwa kilo sasa itakuwa shilingi 8. Afande aliinyoosha mikono yake miwili juu ya meza, taratibu, kama mtu anayetandika kitambaa. Makisio yetu, yale tuliyoyatetea, yaliyokwisha kukatwa na kuongezwa kidogo pembeni kwa penseli, yote yalipigwa kwa shilingi 2.50. Kilo mia za unga tulizoziandikia shilingi 250 zitadai 800, na mwaka wenyewe haujaanza. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa hadi 810, ni kweli, nami nilifurahi kama kila mtumishi. Lakini tumbo la mfungwa halina kima cha chini kinachopandishwa.

Miezi iliyofuata nitaipita haraka, si kwa sababu ilikuwa mifupi. Tuliandika ombi la nyongeza. Wazabuni wa maharage na mafuta ya kula walikaa kwenye benchi nje ya ofisi na hati zao za kudai, mmoja alikuja na mke na watoto ili tumwonee haya, na tulimwonea haya, ila hatukuwa na cha kumpa. Mkuu wa gereza aliwapeleka wafungwa bondeni kulima viazi vitamu, wakala viazi asubuhi na jioni mpaka nyapara wa jikoni akaniambia kwamba hata ndoto zake zina maganda. Na nikuambie kituko kimoja: Juni iliyofuata ilipokaribia, kasma ya vifaa vya ofisi ikakutwa ina salio. Salio lisipotumika linarudi Hazina, na likirudi mwakani unapewa pungufu. Basi zikanunuliwa karatasi za kaboni, maboksi na maboksi, zikapangwa bohari pale ambapo palitakiwa kuwa na magunia ya unga. Panya walizikataa.

Tangu hapo nimeona mengi yakibadilishwa. Shirika la Magereza lilikuwa limeundwa tangu 1974 ili magereza yazalishe, na kweli, viatu vya gereza la Karanga nimevivaa na mchele wa gereza la Idete nimeula. Mwaka 1996 ikaja bajeti ya fedha taslimu, ukapewa kile tu kilichokusanywa mwezi huo. Kompyuta zikafuata, na kasma zikawa na namba ndefu kama za simu. Mwaka 2018 nilimsikia Rais Magufuli akisema wafungwa wafanye kazi wajilishe wenyewe, nikawakumbuka watu wa bondeni na viazi vyao. Shamba linataka mbegu, trekta na dizeli, na dizeli ni ukurasa wa saba.

Yule mzee wa mabati alipelekwa mahakamani hatimaye mwanzoni mwa 1985, mafuta yalipopatikana. Nilikuwa nimemhesabia siku: kwa bei mpya na nusu kilo yangu ya kurahisisha, siku 200 tu za unga wake zilikuwa shilingi 800, pungufu ya kumi kufikia mshahara wa mwezi wa mtu wa kima cha chini, na alikuwa amekaa zaidi ya siku hizo. Mlalamikaji hakufika. Kesi ikafutwa. Alirudi na karandinga jioni kuchukua shati lake bohari, kwa sababu alikuwa amekwenda kizimbani na la kuazima, akaweka dole gumba kwenye kitabu, akatuuliza tumeshindaje. Afande alimpa nauli mfukoni mwake mwenyewe, kwani hatukuwa na kasma ya hilo. Asubuhi yake nilikwenda kwenye ubao nikakuta namba ya mahabusu imepungua mmoja, nikarudi ofisini nikapunguza nusu kilo.