Akina mama wa Kongwa na wageni waliokuja na majina ya kubuni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni waliofika Kongwa, mkoani Dodoma, kuanzia mwaka 1964 walipitisha siku hizo mbili na kuendelea kukaa. Baadhi yao waliishi pale miaka mingi, na wapo waliozikwa palepale.

Walitoka Msumbiji, Afrika Kusini, Angola na nchi ambazo leo tunaziita Zimbabwe na Namibia. Walikuwa wakimbizi kwa maana ya kukimbia makwao, lakini pia walikuwa wapiganaji wa FRELIMO, ANC, MPLA, ZAPU na SWAPO. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa wapiganaji hao eneo Kongwa. Ni ardhi ileile ambako Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951 baada ya ukame na udongo mgumu kuwashinda.

Wanaume wa kambi ile wanajulikana. Samora Machel, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji mwaka 1975, alikuwa Kongwa miaka ile ya mwanzo. Chris Hani wa Afrika Kusini naye aliishi pale. Wasiotajwa sana ni akina mama wa Kongwa waliokuwa majirani zao.

Kambi ilikuwa chini ya uangalizi, na mpiganaji hakutoka atakavyo. Lakini mji ulikuwa mdogo, na watu walikutana. Vijana wengi walifika bila Kiswahili. Walijifunza kwa wenyeji, na wapo waliookota na Kigogo cha kutosha kuitikia "mbukwenyi" mtu anapowasalimu njiani.

Mfikirie mama wa nyumba ya jirani na kambi wakati ule. Kanda ya kati ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mwaka mwingine mvua hukatika kabla uwele haujabeba. Akiba iliyo ghalani lazima ifike mavuno yajayo. Kijana mmoja wa ziada kwenye ugali na mlenda si jambo dogo, maana mama anaanza kuhesabu debe zilizobaki na midomo iliyopo. Anayemkaribisha mgeni katika hali hiyo ametoa kitu anachokihitaji yeye mwenyewe na watoto wake. Hayo ni makaribisho ambayo hayakuamuliwa na kamati yoyote. Yaliamuliwa jikoni.

Kutokana na ujirani huo kulizaliwa urafiki, na kutokana na urafiki kukaja ndoa na watoto. Wageni wakawa mashemeji na wakwe. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo familia nyingi hazikulipima uzito wake mapema: mgeni hakutumia jina lake.

Hakuficha kwa hila ya kumdanganya mwanamke. Jina la kubuni lilikuwa kinga. Utawala wa makaburu na wa Wareno ulikuwa na majasusi, na hatari ilifika hadi Tanzania. Tarehe 3 Februari 1969, Dk. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Jina halisi likijulikana, wazazi na ndugu waliobaki nyumbani wangeweza kuteswa. Hata "Chris" la Hani lilikuwa jina la mapambano. Kwao aliitwa Martin Thembisile.

Safari nazo zilikuwa siri. Wapiganaji wa kwanza wa SWAPO waliondoka Tanzania mwaka 1965 kurudi kwao, na tarehe 26 Agosti 1966 wenzao wakashambuliwa na vikosi vya Afrika Kusini huko Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia. Mtu anayekwenda safari ya namna hiyo hawezi kumwambia mkewe atafika lini wala atapitia wapi.

Kisha uhuru ukaja kwa zamu: Msumbiji na Angola mwaka 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990, na Afrika Kusini ikapiga kura ya watu wote mwaka 1994. Wanahistoria waliozungumza na Watanzania walioolewa na wanaume wa ANC wameeleza maisha yaliyopishana sana. Wapo wanawake waliofuatana na waume zao hadi Afrika Kusini. Wapo waliobaki Tanzania wakisubiri barua. Na watoto waliobaki wakakua na jina la baba ambalo huenda halimo katika daftari lolote la nchi yake.

Hapo ndipo habari ya Kongwa inapoigusa familia yoyote. Mjamzito akifika kliniki huulizwa kama kwenye ukoo kuna presha, kisukari au selimundu. Swali hilo lina kazi. Selimundu, kwa mfano, hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Baba na mama wakiwa na vinasaba vya ugonjwa bila wao wenyewe kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Asiyemjua baba hana la kujibu kuhusu nusu ya ukoo wake. Anaweza kupimwa damu, na ni vizuri apimwe, lakini kipimo hakimwambii babu yake alikuwa nani.

Mtoto huuliza pia mambo yasiyopimwa hospitali. Mbona mimi mrefu kuliko wajomba? Kwa nini shangazi zangu hawaji msibani? Akinyamaziwa, hujitungia jibu, na mara nyingi jibu hilo humlaumu mama au humlaumu mtoto mwenyewe.

Mzazi anayesoma haya huenda hakuwahi kufika Kongwa. Lakini Dodoma ya sasa ina wageni wake: watumishi waliohamishwa, mafundi wa majengo mapya, madereva wa masafa marefu, wanafunzi wa vyuo. Mahusiano yanaanza, watoto wanazaliwa, na mtu anajulikana kwa jina la kijiweni na namba ya simu ambayo kesho haipatikani.

Yapo yanayoweza kufanyika mapema. Andika jina kamili la baba kama liko kwenye kitambulisho, kijiji na wilaya alikotoka, majina ya wazazi wake na ndugu mmoja anayefikika. Uliza magonjwa ya ukoo wakati mnaelewana, maana mkishagombana hutapata jibu. Tunza picha. Kwa familia ambazo mgeni aliondoka zamani, kilichobaki nacho kina thamani: jina alilotumia, chama chake, mwaka alioondoka, lugha aliyozungumza, wimbo aliopenda kuimba. Bibi anayeyakumbuka arekodiwe kwenye simu wiki hii, kwa sababu waliokuwa wasichana mwaka 1964 sasa ni wazee wa miaka 75 na zaidi.

Mwambie mtoto ukweli kwa kadiri ya umri wake, bila kumtukana baba. Na kama ni mjukuu wa Kongwa, mwambie pia habari ya upande wa pili: kwamba bibi yake aligawa uwele wake mwaka wa ukame kwa kijana asiyemjua, na kijana huyo alikuwa anajiandaa kwenda kupigania nchi yake.