Boti ya watu 8 au ya watu 12? Siku zangu na familia ya mdogo wangu Ziwa Lanier

Mdogo wangu alinipokea uwanja wa ndege wa Atlanta mwezi Juni, na kabla hatujatoka kwenye maegesho alishanikabidhi simu yake niangalie picha. Nilidhani ni za watoto. Zilikuwa picha za boti mbili.

"Dada, utatuamulia wewe," alisema. "Mimi na Mama Neema tumeshindwana."

Nyuma ya gari wifi yangu alicheka, ila si kicheko cha furaha. Wana watoto wawili, Neema wa miaka 11 na Baraka wa miaka 6. Kwa miaka mitatu walikuwa wakiweka fedha kidogo kidogo za kununua boti iliyotumika. Fedha zilitosha ndogo na kubaki. Kwa kubwa, wangelazimika kukopa benki.

Ziwa lenyewe linaitwa Lanier, kaskazini-mashariki mwa Atlanta, jimbo la Georgia. Si ziwa la asili. Miaka ya 1950 kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Marekani kilijenga Bwawa la Buford na kuuzuia Mto Chattahoochee, maji yakajaa bondeni na vilima vikageuka visiwa na rasi. Ndiyo maana, ingawa eneo lake ni kilomita za mraba 150 hivi tu, ufukwe wake unazidi kilomita 1,000: limejaa vijito, kona na vichochoro. Kingo zake ni udongo mwekundu na misonobari juu yake. Ukifumba jicho moja unaweza kudhani uko Mufindi.

Sisi tumekulia Mwanza. Kwa mtu aliyezoea Ziwa Victoria lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000, Lanier ni karai. Mdogo wangu huwatania wenzake kazini kwamba kwao hilo lingeitwa bwawa la kufugia sato. Lakini karai hilo Jumamosi ya kiangazi lina boti nyingi kuliko nilizowahi kuona mahali pamoja maishani mwangu, na karibu zote zinakimbia.

Boti zilizokuwa zikigombewa zote ni za jeti. Hazina propela inayozunguka nje. Injini imefichwa ndani, inazungusha feni iliyo kwenye bomba. Maji yanavutwa kutoka chini ya boti na kutupwa nyuma kwa nguvu, na huko kutupwa ndiko kunakoisukuma mbele. Wazazi wanazipenda kwa sababu hiyo: mtoto anayepanda kutoka majini hakutani na panga la chuma. Ndogo ilikuwa ya futi 19, injini moja, watu 8. Kubwa ilikuwa ya futi 24, injini mbili, watu 12, ina choo kidogo na sehemu pana mbele ya kujilaza.

Kuhusu kubwa, mdogo wangu alikuwa na hoja moja tu, na haikuwa choo. "Tuko Watanzania familia saba hapa jirani. Nikinunua ya watu wanane, Jumamosi nitamwambia nani abaki?"

Wifi yangu alizaliwa Dodoma, na kuogelea amejifunza akiwa na miaka 34. Yeye alisema: "Baba Neema, mimi macho ninayo mawili."

Nakiri kwamba mwanzoni nilikuwa upande wa mdogo wangu. Nani hapendi kubwa?

Ndogo tuliijaribu Jumatano asubuhi. Mwenye boti, mzee mstaafu, alitushusha majini saa 2, ziwa likiwa limelala kama kioo. Iliteleza vizuri mno. Tuliporudi, mdogo wangu akaomba aiegeshe mwenyewe. Alikaribia gati kwa kasi kidogo, akashtuka, akafanya ambalo dereva yeyote wa gari angefanya: aliachia mafuta na kukata usukani. Boti haikugeuka hata kidogo. Ilikwenda mbele moja kwa moja hadi mzee alipouwahi mkono wa mafuta, akausukuma kidogo, ndipo pua ikakata kushoto. Tulipita nguzo ya gati kwa urefu wa mkono wangu.

Mzee hakukasirika. Alitueleza kwamba jeti hugeuka kwa yale maji yanayotupwa nyuma. Ukiyakata, usukani umebaki pambo. Jambo hili linamhusu kila anayeanza, iwe boti ndogo au kubwa, na ni afadhali kulijua ukiwa mbali na gati. La pili alilotuambia liliniingia zaidi: maji yanayotoka kwenye ule mdomo wa bomba yana nguvu ya kumjeruhi vibaya, hata ndani ya mwili, mtu aliyeangukia karibu nao. Kwa hiyo injini ikiwaka, hakuna mtoto wa kukaa kwenye jukwaa la nyuma, hata kwa kupiga picha. Na nywele ndefu au kamba zikisogezwa kwenye tundu la chini zinaweza kuvutwa. Neema, mwenye rasta hadi mgongoni, alizikusanya akazifunga bila kuambiwa.

Kubwa tuliijaribu Jumamosi saa 9 alasiri, muda ambao muuzaji alikuwa na nafasi. Ziwa lilikuwa limechafuka. Mawimbi hayakuwa ya upepo, yalikuwa ya boti nyingine, yakija kutoka kila upande na kugongana. Ile ya futi 24 iliyapita kwa heshima zake. Baraka alisinzia. Mdogo wangu alinitazama kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Hapo wifi akasema neno ambalo sisi wengine hatukuwa tumelifikiria. "Hatujazilinganisha. Moja tumeipanda maji yamelala, nyingine maji yamechafuka." Akampigia simu yule mzee jioni ile ile. Jumapili, saa 9 alasiri, tulikuwa tena kwenye ndogo.

Tulipigwa. Siwezi kutumia neno jingine. Kila wimbi liliinua pua na kuibamiza chini, Baraka alilia, mimi kiuno kilinikumbusha umri wangu. Mzazi akikuambia boti ndogo ni sawa tu na kubwa, mwulize aliipanda saa ngapi.

Basi ningedhani kesi imekwisha. Haikwisha, kwa sababu ya mambo mawili.

La kwanza ni gari. Gari lao la familia linaruhusiwa kuvuta pauni 5,000, yaani kilo 2,268 hivi. Ile ndogo na trela lake ilibaki chini kwa nafasi nzuri. Kubwa, ukijumlisha boti, trela, mafuta ya tangi zima, nanga na makasha ya vinywaji, ilivuka. Muuzaji alisema "watu wanavuta tu." Watu wanafanya mengi. Kuvuka kikomo kulimaanisha kununua gari jingine, juu ya mkopo, juu ya bima, juu ya kodi ya mahali pa kuilaza, kwa kuwa mtaa wao haukubali boti kuonekana nje ya nyumba na ile ya futi 24 haiingii gereji.

La pili ni hesabu ya watu, na hili lilizungumzwa usiku jikoni, watoto wamelala. Sheria ya Marekani inataka boti ya injini isiyofikia futi 20 iwe na kibao cha mtengenezaji kinachosema inabeba watu wangapi na uzito gani. Mdogo wangu alianza: "Kumi na mbili maana yake ukibana..." Akanyamaza mwenyewe. Mwaka 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, yeye alikuwa darasa la nne, mimi la saba. Mtaani kwetu kulikuwa na misiba siku nyingi. Mwaka 2018 ikaja MV Nyerere, pale Ukara. Kwa watu wa ziwa letu neno "ukibana" halimaliziki.

Wifi akaongeza kwa sauti ya chini kilichotokea hapo hapo Lanier mwaka 2012. Mwezi Juni ndugu wawili, watoto, walikufa boti yao ilipogongwa na nyingine. Mwezi uliofuata mvulana wa miaka 11 aliyekuwa akivutwa kwenye boya la kupulizwa aligongwa na pikipiki ya majini. Mwaka uliofuata Georgia ilikaza sheria zake: mtoto chini ya miaka 13 lazima avae jaketi okozi boti inapotembea, kiwango cha pombe kwa nahodha kikashushwa kiwe sawa na cha dereva wa gari, na waliozaliwa kuanzia 1998 wakatakiwa kusoma kozi kabla ya kuendesha. Tangu Aprili 2021 kuna pia sheria ya nchi nzima kwa boti za chini ya futi 26: nahodha ajifunge ile kamba inayozima injini akianguka. Boti zote mbili zimo humo.

"Watu kumi na wawili," wifi alisema, "familia saba zetu, hiyo ni watoto wanane na watu wazima wanne, na wawili kati ya hao wanne hawajui kuogelea. Nani atamhesabu nani?"

Mdogo wangu aliondoka mezani akaenda kuosha vyombo. Nilijua anachouguza. Si boti. Ni ile Jumamosi aliyoiona kichwani kwa miaka mitatu, watu wa nyumbani wote pamoja juu ya maji.

Walichukua ndogo. Masharti waliyaandika wenyewe na kuyabandika kwenye friji: watu sita, si wanane, saa 5 asubuhi tunatoka majini, jukwaa la nyuma ni la injini iliyozimwa. Fedha iliyobaki iliwalipia watoto mafunzo ya kuogelea, na wifi pia akaendelea na yake. Familia nyingine wanakuja kwa zamu, nyama inachomwa nchi kavu chini ya misonobari na wote wanakuwepo. Mdogo wangu bado huzitazama zile za futi 24 zikipita. Namwona.

Wiki iliyopita alimtumia mama picha. Mama, aliyeko Mwanza, hajapanda chombo cha majini tangu 1996, hata kivuko. Aliitazama muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: katika hao sita, yeye akija, nani atashuka?

Baraka ndiye aliyejibu. Alisema baba.