Probox ya Ndagala

Harufu ya ndagala ilifika kabla ya gari lenyewe. Probox iliposimama mbele ya garaji, kando ya barabara ya taifa namba 5 hapo Makobola, injini ilitetemeka ikitaka kuzima. Fundi aliinama, akasikiliza, akaomba spana namba 10.

Zamani asingejua pa kuanzia. Alikuwa kijana familia yake ilipokimbia mauaji ya Makobola, mwishoni mwa Desemba 1998. Ufundi aliupata Uvira, kwenye magari ya kabureta: plagi, platini, basi. Halafu yakaingia magari ya Japani yaliyoandikwa VVT-i. Siku moja alimnunulisha mzee mmoja pampu mpya ya petroli. Pampu ikafungwa, ugonjwa ukabaki. Fedha ile ilimuuma miaka mingi.

Ndipo akaanza kufungua injini zilizokufa, apate kuona. Gia ya kemshafti inayofungua vali za hewa haikuwa chuma kitupu. Ndani mna vyumba vidogo vyenye mapanga. Oili ikisukuma upande mmoja, kemshafti inajizungusha kidogo mbele ya cheni na vali zinawahi kufunguka; ikisukuma upande wa pili, zinachelewa. Kompyuta inapima mwendo wa injini na mguu wa dereva, kisha inaiamuru vali ndogo ya umeme ipitishe oili. Gari likisimama, vali za hewa huchelewa ili injini itulie. Likipanda mlima, huwahi ili silinda zishibe.

Hiyo ndiyo VVT-i. Honda ilikuwa imefika mbali zaidi tangu mwaka 1989 kwa VTEC: mbio zikizidi, pini inaifunga mikono ya vali pamoja, vali zikasukumwa na kemu ndefu zaidi, zikafunguka sana. Probox hubadili wakati tu.

Kwa hiyo siku ile ya Probox alilegeza boliti moja akachomoa vali ya umeme. Ilitoka na tope jeusi, zito kama masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mawese. Oili chafu ilikuwa imeigandisha, vali za hewa zikawa zinawahi hata gari likiwa limesimama. Aliiosha, akaigusisha kwenye betri: tak! Kijiti cha ndani kikaruka.

Akamwaga oili yote kwenye beseni, akamwita dereva aione.

“Baba, hii ndiyo inayosukuma kila kitu. Usiicheleweshe tena.”

Akatia mpya. Injini ikatulia, akina mama wenye ndagala wakapanda juu ya magunia yao, na Probox ikashika njia ya Uvira, ziwa likiwa upande wa kulia.