Kanisa Lililojengwa kwa Miaka 632

Mara nyingi twasikia habari za makanisa makubwa ya Ulaya, nasi twadhani yaliota usiku mmoja kama uyoga, kwa kuwa wenyeji wake walikuwa na mali nyingi. Habari za kanisa kuu la mji wa Köln, katika nchi ya Ujerumani, zaonyesha mambo mengine kabisa. Twapenda kuzieleza hapa, maana zina neno kwa kila mtaa ulioanza kujenga nyumba ya Mungu na haujamaliza.

Mji wa Köln uko kando ya mto Rhine. Mwaka 1164 Askofu Mkuu Rainald wa Dassel alileta humo, kutoka Milan, mifupa iliyosadikiwa kuwa ya Mamajusi waliomzuru Mtoto Yesu, na tangu hapo mahujaji wakaja kwa wingi. Kanisa la zamani liliungua mwaka 1248, na mwaka huo huo, tarehe 15 Agosti, jiwe la msingi la kanisa jipya likawekwa. Fundi mkuu wa kwanza aliitwa Gerhard. Mawe yalikatwa katika mlima wa Drachenfels, yakapakiwa katika vyombo na kuteremshwa kwa njia ya mto.

Gerhard alitaka kanisa refu lenye mwanga, na hapo ndipo ilipo hekima ya kazi yake. Dari ya mawe ni nzito, nayo husukuma kuta kwenda nje. Mafundi wa kale walizuia msukumo huo kwa kuta nene zenye madirisha madogo, hata ndani mkawa giza. Lakini mafundi wa Ufaransa walikuwa wamekwisha kupata njia nyingine, naye akaifuata, akilitazama kanisa la Amiens. Matao hayakufanywa ya mviringo, bali yenye ncha juu, ili uzito ushuke chini zaidi kuliko kusukuma kando. Chini ya dari, mbavu za mawe huukusanya uzito huo na kuupeleka penye nguzo. Tena kwa nje, mikono ya mawe hupita juu ya paa za kando na kuuegemeza ukuta, kama vile mkulima auegemezavyo mti mgomba wenye mkungu mzito. Basi ukuta ukapata kupumzika, na mahali pake pakawekwa madirisha marefu ya vioo vya rangi. Kutoka sakafuni hata darini ni mita 43, yaani karibu minazi miwili mirefu, mmoja juu ya mwenziwe.

Upande wa madhabahu uliwekwa wakfu mwaka 1322, baada ya miaka 74. Gerhard alikuwa amekwisha kufa zamani. Kwa kuwa upande wa magharibi ulikuwa wazi, watu wakajenga ukuta wa kuuziba kwa muda, wakasali katika sehemu ile iliyokwisha. Kazi ya mnara wa kusini ikaendelea, ukapita mita 50. Bali mali ikapungua, na bidii ikapungua pamoja nayo, hata mwaka 1560 kazi ikakoma. Mtambo wa mti wa kuinulia mawe ukaachwa juu ya mnara, nao ukakaa huko zaidi ya miaka 300, wageni wakautambua mji kwa mtambo huo. Mwaka 1794 majeshi ya Ufaransa yakauteka mji, na kanisa likageuzwa ghala ya malisho ya farasi.

Mafundi wa kale walikuwa wamechora katika ngozi uso wa kanisa na minara yake miwili, mchoro wenye urefu wa zaidi ya mita 4. Katika misukosuko ya vita ulipotea. Nusu yake ikaonekana Darmstadt mwaka 1814, na nusu ya pili Paris mwaka 1816. Hapo watu wakajua tena yaliyokuwa moyoni mwa wale waliotangulia. Mtu mmoja, Sulpiz Boisserée, alikuwa akiwasihi wakubwa miaka mingi wasiliache kanisa lile. Hata mwaka 1842 Mfalme Friedrich Wilhelm IV akaweka jiwe la kuanza upya, na raia wakafanya chama cha kukusanya michango. Wajenzi hawa waliufuata mchoro wa kale, walakini hawakuukataa ufundi mpya: kenchi za paa walizifanya za chuma. Mwaka 1880 minara ikakamilika, yenye mita 157. Katika Vita Kuu ya pili mabomu mengi yaliliangukia, mji ukawa kifusi, lakini kanisa likasimama. Hata leo wachonga mawe wapo kila siku, wakibadili mawe yaliyolika.

Basi tugeukie kwetu. Katika mtaa wetu kuta za kanisa la mawe zimefika kwenye madirisha, na miaka miwili ya mvua haba imetunyima fedha. Katika baraza wazee wengine wametukumbusha mfano wa Bwana wetu juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba yampasa kuhesabu gharama kwanza. Nao washauri tuyauze mawe, tujenge kanisa dogo la udongo. Wengine wasema tungoje mpaka fedha zote zipatikane.

Sisi walimu twawaheshimu wazee wetu, na neno la Bwana ni kweli. Lakini kuhesabu gharama si kuacha kazi. Wala hatusemi watu wa Köln walifanya vema katika yote: kuiacha kazi miaka 282 si jambo la kusifiwa, na kama wangengoja fedha zote, lisingewekwa hata jiwe moja. Twasifu mambo mawili tu. Walisali katika sehemu iliyokwisha, na mchoro ulidumu baada yao.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Tuezeke upande wa madhabahu kwa mabati tuliyo nayo. Mwisho wa kila ukuta tuache mawe yametokeza kama meno, ili kazi ya baadaye ishikane na ya sasa. Ramani na hesabu ya michango ziandikwe mara mbili, nakala moja ikae kanisani na ya pili shuleni, maana mchwa hawachagui. Na upande wa magharibi tuuzibe kwa matofali mabichi na udongo mtupu, bila saruji, ili watoto wetu watakapoubomoa ukuta huo wasipate taabu.