Kompyuta ya Gemu Inapojizima

Tarehe 20 Aprili 1998, jijini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani kwenye maonyesho ya Comdex akiitambulisha Windows 98. Msaidizi wake, Chris Capossela, akachomeka skana ili watu waone jinsi mfumo mpya unavyoitambua wenyewe. Skrini ikageuka bluu, maandishi meupe yakatokea, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Miezi miwili baadaye Windows 98 ikaingia sokoni, na ile rangi ya bluu ikaja nayo mpaka sebuleni.

Katika nyumba moja ya Sinza, Dar es Salaam, kompyuta ya kwanza ya gemu ilikuwa ya mtumba, yenye skrini ya kichogo iliyokula nusu ya meza. Mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa sekondari, na wadogo zake walijipanga nyuma yake wakisubiri zamu ya kucheza FIFA. Skrini ya bluu ikitokea, kila mtu alikuwa na wake wa kumlaumu. Mama alilaumu gemu. Jirani alilaumu virusi. Fundi hakumlaumu yeyote. Alisema tu, "Hii tuipige Windows, kaka," akatoa CD kwenye begi.

Kupiga Windows ilikuwa tiba ya kila ugonjwa. Diski ilifutwa, mfumo ukawekwa upya, draiva zikatafutwa moja moja, na ligi iliyochezwa likizo nzima ikapotea. Tiba hiyo wakati mwingine ilisaidia, na sababu ipo. Katika Windows 95 na 98, programu na draiva hazikutenganishwa vya kutosha na kiini cha mfumo. Draiva moja mbovu ya kadi ya sauti ikiandika mahali pasipo pake kwenye memori, kompyuta nzima ilianguka. Aliyefuta kila kitu aliifuta na hiyo draiva. Lakini ubovu ukiwa kwenye chuma chenyewe, bluu ilirudi baada ya muda mfupi, na fundi naye akarudi na CD ile ile.

Windows XP ya mwaka 2001 ilibadilisha mambo. Ilijengwa juu ya msingi wa Windows NT, ambao uliweka ukuta kati ya programu za kawaida na kiini, hivyo gemu ikianguka mara nyingi ilianguka peke yake. Tatizo ni kwamba XP ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kujiwasha upya kila inapokwama kabisa. Maandishi ya bluu yalipita kufumba na kufumbua. Yule kijana, wakati huo akiwa chuoni, alionyeshwa na mwenzake wa bweni mahali pa kuuzima mpangilio huo, na kwa mara ya kwanza akaisoma skrini ile mpaka chini: namba ndefu ya kosa, na pengine jina la faili la draiva iliyohusika. Kumbe XP ilikuwa pia ikihifadhi faili dogo la kilobaiti 64 kwenye folda ya Minidump kila ilipoanguka. Ushahidi ulikuwa umelala pale siku zote, na kila Windows ilipopigwa upya ulifutwa pamoja na gemu.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na ubovu wa kuonekana kwa macho. Madabodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitengenezwa kwa kapasita zenye majimaji mabovu ndani. Kapasita hizo, vimkebe vidogo vilivyosimama kuizunguka prosesa, kazi yake ni kuutuliza umeme kabla haujaingia. Kichwani zimechanjwa alama ya msalaba ili zikivimba zipasukie hapo. Nzima ina kichwa bapa. Mbovu ina kichwa kilichotuna, pengine na ukoko wa kahawia. Kompyuta ya namna hiyo iliweza kuandika barua asubuhi nzima bila shida, kisha ikaanguka mara gemu inapoanza, kwa kuwa hapo ndipo prosesa inapovuta umeme mwingi. Mafundi redio wenye mkono mwepesi walizing'oa na kuchomelea nyingine. Hapo ndipo wengi walipoanza kufungua kasha kabla ya kutafuta CD.

Vifaa vya kupimia navyo vilizoeleka. Memtest86, programu iliyoanzishwa na Chris Brady mwaka 1994, huwashwa bila Windows na kuijaza ramu kwa mifumo mbalimbali ya data, ikiisoma tena na tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Huachwa usiku kucha. Mstari mmoja mwekundu asubuhi unatosha kuitilia shaka ramu. Windows Vista ya mwaka 2007 nayo ilihamisha sehemu kubwa ya draiva za grafiki nje ya kiini na kuzipa saa: kadi isipojibu ndani ya sekunde 2, mfumo unaiwasha upya kadi peke yake. Skrini inakuwa nyeusi kidogo, inarudi, na ujumbe unaeleza kuwa draiva iligoma na imepona.

Yule mwanafunzi wa Sinza sasa ni baba wa familia, na kompyuta yake ya karibuni aliiunga mwenyewe kipande kwa kipande. Ilianza kujizima katikati ya gemu. Filamu iliangaliwa hadi mwisho, kazi za ofisini zilikwenda vizuri, lakini vita ikipamba moto kwenye gemu, giza. Hakuna bluu, hakuna namba ya kosa, folda ya Minidump tupu. Kwenye daftari la matukio la Windows kulikuwa na tukio namba 41 tu, ambalo halisemi zaidi ya kwamba kompyuta iliwaka bila kuzimwa kwa utaratibu.

Ukimya huo wenyewe ulimwambia kitu. Windows ikikutana na kosa inaloliona, hupata nafasi ya kuandika. Umeme ukikatika ghafla, haipati. Alianza na joto: akapuliza vumbi, akabadilisha pesti ya prosesa, akaangalia vipimo wakati wa kucheza. Vilikuwa vya kawaida. Akarudisha ramu kwenye kasi yake ya msingi. Bado. Kisha akaishusha kadi ya grafiki hadi asilimia 70 ya umeme wake, na jioni hiyo gemu ikachezwa mpaka watu wakachoka.

Alipofungua tena kasha aliona kadi yenye soketi mbili za pini 8, zote zimelishwa na waya mmoja wenye vichwa viwili. Kila soketi imekadiriwa kwa wati 150, na nafasi ya kadi kwenye madabodi huongeza 75. Alipoweka nyaya mbili tofauti, kujizima kulipungua bila kuisha. Kilichobaki kilikuwa pawa saplai yenyewe, ya zamani kuliko kadi. Kadi za siku hizi huweza kuvuta kwa kitambo kidogo sana umeme mwingi kuliko ulioandikwa kwenye boksi, na pawa saplai ikihisi mshtuko huo hujikata ili kujilinda. Ndiyo maana viwango vya ATX 3.0, vilivyotoka mwaka 2022, vinataka pawa saplai za kadi kubwa zistahimili hadi asilimia 200 ya uwezo wake kwa sekunde ndogo 100, yaani sehemu 100 za milioni ya sekunde. Aliazima kubwa zaidi kwa rafiki, tatizo likaisha, akanunua ya kwake.

Maandishi nayo yana siku zake za kudanganya. Mwaka 2024 wachezaji wengi wenye prosesa za mezani za Intel za vizazi vya 13 na 14 waliambiwa na gemu zao kwamba memori ya video imekwisha, hata wenye kadi za memori tele. Kadi zililaumiwa bure. Julai mwaka huo Intel ilieleza kwamba prosesa zilikuwa zikiomba volti za juu kupita kiasi. Agosti marekebisho yakaanza kutolewa kupitia BIOS, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Prosesa iliyokwisha kuharibika haikuponywa na marekebisho hayo, ilibidi ibadilishwe.

Siku hizi simu yake hupokea picha kutoka kwa mpwa wake aliyeko Mwanza. "Shikamoo mjomba, imezima tena." Baada ya marahaba linafuata swali: imezima kimya, au imeacha maandishi? Ya huyu kijana huacha maandishi, kila mara yakitaja memori. Vipande viwili vya ramu vimeshatenganishwa. Cha kwanza kimepita usiku kucha bila mstari mwekundu, na cha pili kinaanza kupimwa leo jioni.