Niliyoshindwa Kuyasema Mimbarini



Juma hili natimiza ahadi niliyompa marehemu mwalimu mmoja mstaafu wa parokia yetu. Siku nilipompelekea Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa, alinishika mkono akasema, “Baba, waambie wanaume wenzangu.” Dominika tatu zimepita. Kila nilipofika kwenye matangazo niliwatazama akina mama na watoto wa Komunyo ya Kwanza, ulimi ukawa mzito. Ndiyo maana naandika.

Mwalimu aliumwa mgongo mwaka mzima. Sote tulimpa pole tukisema ni uzee. Mimi mwenyewe nilimshauri apunguze kulima. Usiku aliamka mara nne au tano kwenda haja ndogo, lakini hilo hakumwambia mtu, na mkewe alidhani ni kisukari. Alipofikishwa hospitali, saratani ya tezi dume ilikwisha kuingia mifupani. Mgongo tuliokuwa tukiusugua dawa ndiko ilikokuwa.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, kinachouzunguka mrija wa mkojo. Kila mwanamume anacho. Kwa wengi huongezeka ukubwa kadiri umri unavyosogea, kikaubana mrija huo. Hali hiyo peke yake si saratani. Saratani yenyewe ina hila zaidi, kwani mwanzoni huweza kukaa bila dalili yoyote, na anayesubiri maumivu ndipo aende kupima huenda akachelewa. Hatari huongezeka baada ya miaka 50. Sisi wenye asili ya Kiafrika tumo katika hatari kubwa zaidi, na vivyo hivyo mwanamume ambaye baba au ndugu yake wa kiume aliugua. Hao wazungumze na daktari mapema, hata kabla ya kutimiza miaka 50.

Wengi wanaogopa kidole cha daktari. Mizaha yake nimeisikia hata, Mungu atusamehe, baada ya kikao cha Halmashauri ya Walei. Basi jueni kwamba mara nyingi huanza kipimo cha damu, kiitwacho PSA. Kikiwa juu si lazima iwe saratani, maana maambukizi au kukua kwa tezi huweza kukipandisha; daktari ndiye atakayeendelea kuchunguza, pengine kwa kuchukua kinyama kidogo cha tezi. Wala si kila anayekutwa nayo hupasuliwa. Nyingine hukua polepole, zikafuatiliwa kwa vipimo tu.

Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini aligunduliwa kuwa na saratani hii mwaka 1997. Alitibiwa, akalizungumza jambo hilo hadharani, akaishi hadi mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 90. Naye alikuwa mtu wa mimbari kama mimi.

Alhamisi nilikwenda kupima. Nina miaka 56. Kwenye benchi niliwakuta waamini wawili wa parokia hii. Mmoja alijificha nyuma ya gazeti, mwingine akaniuliza kama nimekuja kumtazama mgonjwa. Nikamjibu kuwa nimekuja kupima tezi dume. Alinyamaza kidogo, kisha akasogea nipate kukaa.

“Hata mimi, Baba,” akasema.

Majibu yangu yatatoka Jumanne.